Chuma cha Bafuni

Wakala alivua viatu mlangoni, kama ilivyo ada ya huku,
akapita chumba kwa chumba na soksi zake za mistari,
kalamu ikinusanusa mbele yake.
Hakusema nyumba ni mbaya.
Alisema imekaliwa mno.

"Tuanze na kuta," akasema Tarjei. "Rangi ya maziwa.
Zulia lile likunjwe. Jamaa wa ukutani washuke,
mnunuzi ajione yeye, asione wafu wenu."
Mama, kwenye kiti chake kando ya jiko la kuni,
alifunga kifungo cha sweta
kilichokuwa kimefungwa tayari.

Kaka yangu Vebjørn akaja na ngazi,
ndoo nne za rangi na mgongo wake mbovu.
Tukasugua masizi ya vipupwe arobaini
mpaka maji ya ndoo yakawa chai ya mkandaa.
Tukamteremsha baba na samaki wake,
shangazi Torgunn aliyevuka bahari akasahau kuandika;
na nyuma ya kila mmoja ukuta ulibakiza mraba
wa rangi ya kwanza, manjano ya ute wa yai,
ambayo sote tuliapa haijapata kuwepo.
Mapazia yakatoka. Mwanga ukaingia bila hodi.

Yakaletwa malimau kumi na mawili
katika bakuli la kioo.
"Ya kukamulia nini?" Mama akauliza.
"Ya kutazama."
Akayatazama.
Asubuhi yalikuwa kumi na moja.

Kisha Tarjei akaingia bafuni, akatoka,
akanivuta pembeni, akanong'ona kama daktari:
"Kile chuma. Kinawaambia watu kuna uzee humu.
Wataanza kupunguza bei kabla hawajafika jikoni."

Kile chuma baba alikifunga mwenyewe
mwaka goti la Mama lilipogoma.
Skrubu sita, moja imekwenda upande
(alikuwa mtu wa posta, si fundi),
nacho kimeng'aa mahali pamoja tu,
upana wa kiganja.

Vebjørn akazifungua. Ile ya upande ikakataa;
akaitukana kwa matusi ya baba, ikatoka.
Mashimo tukayaziba kwa lipu, kwa ncha ya kijiko.
Usipojua, huoni. Ukijua, huachi kupagusa.
Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani:
sisi tulikwisha igeuza ndani yote kuwa mlango.

Mpiga picha alitaka jua juu ya ghuba,
na mvua ya Molde ni kaidi.
Siku nne tukaishi kama wageni kwetu,
kahawa tukinywa wima, nyayo zetu tukizifuta nyuma yetu,
tukiilinda mito yenye pembe kali
isiyoruhusiwa kulaliwa na mtu.

Na siku nne, saa mbili asubuhi, Mama alioga.
Siku ya kwanza alinyoosha mkono bila kutazama,
pale pale,
akashika hewa.
Nilikuwa mlangoni na taulo. Bahati tu.
Baada ya hapo nilitangulia kuingia,
nikauegemeza mgongo kwenye yale mashimo,
uso nimeugeuzia dirisha kwa heshima,
mkono nimeukaza usawa wa nyonga.
Alishika. Hakusema asante;
nani hushukuru chuma?

Ijumaa jua likatoka dakika ishirini.
Picha ni nzuri. Bafu ni jeupe,
la mtu asiyezeeka.

Jumapili walikuja, viatu vyao kibarazani
vimejaa kama mlangoni mwa msikiti.
Walisifu mwanga. Walisifu malimau.
Mama alikuwa chini ya kilima, garini kwa Vebjørn,
amefuta mduara kwenye kioo chenye ukungu
na kuhesabu miavuli.

"Wangapi?" nikamwuliza nilipoingia.
"Wengi," akasema.
"Hata mmoja hakuwa na mkongojo."